Uzoefu wangu na mwalimu wa ziada wa kalkulasi, mwaka wa kwanza chuoni

Nilipopata alama 6 kati ya 20 katika jaribio la kwanza la kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uchumi hapa Dar es Salaam, niliamini kwamba kilichonishinda ni kalkulasi yenyewe. Kidato cha tano na cha sita nilisoma tahasusi ya HGE (historia, jiografia na uchumi), ambamo hisabati yangu ilikuwa BAM, hisabati tumizi ya msingi, somo la nyongeza tu, kwa hiyo nilijihesabu kuwa nimeingia darasani nikiwa nyuma ya wenzangu waliotoka EGM (uchumi, jiografia na hisabati kamili).

Nilianza na tuisheni ya kikundi huko Sinza. Tulikuwa zaidi ya 30 chumbani, na mwalimu alifumua maswali ya mitihani iliyopita kwa kasi huku sisi tukinakili. Daftari langu lilipendeza, lakini nikikaa peke yangu na swali jipya sikujua hata mstari wa kwanza uandikweje. Nikahamia kwenye video za Khan Academy, ambazo ni za bure, na ambazo chimbuko lake ni mwanzilishi wake, Salman Khan, kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali mwaka 2004. Hizo zilinisaidia kuelewa limiti, yaani thamani ambayo hesabu inaikaribia, kwa sababu niliweza kurudia maelezo yaleyale mara tano bila kumwonea mtu haya. Hata hivyo, kosa langu halikuwa ndani ya mada niliyokuwa nikiitazama, na mimi sikujua hivyo.

Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu binafsi, kijana mwenye shahada ya hisabati, anayetoza Sh 15,000 kwa saa. Nilichukua vipindi 12 kwa wiki sita, jumla Sh 180,000, na kwa mtu anayeishi kwa fedha ya kujikimu, ile tunayoiita bumu, hicho si kiasi kidogo. Kipindi cha kwanza hakufundisha chochote. Alinipa karatasi tupu na maswali manne, akakaa pembeni akitazama kalamu yangu. Katika swali la kutafuta kiwango cha badiliko la x² kwa kuanzia kanuni ya msingi, ambamo h ni ongezeko dogo la x, niliandika kwamba (x + h)² ni sawa na x² + h². Hakunisahihisha. Aliniambia tu, “Dada, weka x iwe 1 na h iwe 3, kisha hesabu pande zote mbili.” Upande mmoja nikapata 16, wa pili 10.

Ndipo akanionyesha madhara yake. Kwa kosa lile, ukitoa x² na kugawanya kwa h, unabaki na h peke yake, na h ikikaribia sifuri jibu lote linakuwa sifuri, kana kwamba x² haibadiliki kamwe. Ukifungua mabano ipasavyo unapata 2xh katikati, na hiyo ndiyo inayozaa jibu sahihi, 2x. Nililia kidogo, nakiri, kwa sababu kosa hilo nilikuwa nalo tangu sekondari na hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu mstari kwa mstari hadi kuliona.

Wiki mbili zilizofuata tulifanya mabano, sehemu na vipeo tu, wakati darasani walikuwa wameshasonga mbele, nami nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Kilichonituliza ni kwamba aliniruhusu kueleza kila hatua kwa Kiswahili kwanza, ndipo niiandike kwa Kiingereza cha mtihani.

Upungufu upo. Mara mbili alichelewa kwa sababu ya foleni ya Barabara ya Morogoro, ingawa alifidia muda huo. Pia maswali ya kiuchumi, kama vile gharama ya kuzalisha bidhaa moja zaidi, hakuyamudu vizuri. Kwa hayo nilikwenda ofisini kwa mhadhiri wangu, saa alizowatengea wanafunzi, bila malipo. Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nimekwenda kwake nikisema “sielewi”, nikatoka kama nilivyoingia. Safari hii nilibeba karatasi niliyokwama nayo, na dakika 15 zilitosha. Ningekuwa nimejua hilo mapema, huenda ningehitaji vipindi 8 badala ya 12.

Jaribio la pili nilipata 13 kati ya 20, na nilifaulu somo bila mtihani wa marudio. Anayetaka kulipia huduma kama hii nampa shauri moja: katika kipindi cha kwanza, angalia ni nani anayeshika kalamu. Ikiwa ni mwalimu muda wote, tafuta mwingine.

Muhula huu nina takwimu. Nimeshamwomba vipindi vinne kabla ya jaribio la kwanza, na cha kwanza kitakuwa cha karatasi tupu.