Bustani nzuri, mlinzi hajui shikamoo

Nilipanga kuipa nyota tano. Leo sijui kama inafika mbili, na mnisamehe nikiandika kwa ukali, maana hasira bado ninayo.

Jina lake silitaji. Ni bustani ya umma, hapa hapa Dar, upepo wa bahari unafika, na ukishaingia ndani bodaboda unazisikia kwa mbali kama za mtaa wa tatu. Mimi ni mstaafu. Siendi kila wiki, ila majira yakigeuka sikosi. Kuna watu wanasema Dar haina majira, ni joto na joto zaidi. Hao hawajawahi kukaa chini ya ule mti wa mkungu mwaka mzima.

Kaskazi ikivuma, Januari kwenda Februari, majani yake yanageuka mekundu yakidondoka moja moja, mazito, unayasikia yakigonga sementi. Asiyeujua atasema mti unakufa. Wiki chache tu, umeshavaa majani mapya. Masika usiende na viatu vya maana: njia ya kati ni kidimbwi, na konokono wakubwa kama ngumi wanapanda ukuta. Vuli ikikaribia kwisha, mikrismasi yote ya upande wa geti imewaka maua, na kunguru (hawa wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, wakaona na bara taka zipo) wanasuka viota kwa vijiti na vipande vya waya. Lakini raha yenyewe ni kipupwe. Unakaa saa sita mchana, kanga mabegani, na hutoki jasho.

Kila majira napiga picha moja, mkungu uleule, benchi lilelile, namrushia dada yangu aliye Maskati. Tumekulia Tanga sisi. Asubuhi tulikuwa tunaokota kungu zilizogugunwa na popo usiku, tunazipasua kwa jiwe, tunakula kiini. Mpaka leo tunabishana nani alikuwa anapasua bila kukiponda.

Sasa basi. Kipupwe hiki kilichopita, nimetoa simu, nimelenga, nasikia nyuma yangu: "We mama! Nani kakuruhusu?"

Nageuka, kijana wa sare, mpya, rika la kitindamimba wangu. Shikamoo hakuna. Habari ya asubuhi hakuna. "We mama." Akaanza: kupiga picha ni kwa kibali, kibali kiko ofisini, ofisini unapewa namba ya malipo, unalipa, ndiyo unarudi. Nikamwambia, mwanangu, nampigia dada yangu mti huu, basi. Akanijibu, "Wote mnasema hivyo, baadaye tunaona harusi."

Harusi! Mimi na mkungu!

Kisha akanyoosha kidole kwenye simu yangu. "Futa nione." Nami nikafuta. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hata huyo kijana. Miaka yote niliyosimama mbele ya darasa, watoto wa watu wakinyamaza nikikohoa tu, leo naambiwa "futa nione" nami nafuta, na bado namwonyesha skrini ahakikishe.

Ada yenyewe siigombi. Wapiga picha za harusi nimewaona pale, wanakuja na majenereta, bibi harusi anapandishwa juu ya maua, wakiondoka pamelala kama pamepita ng'ombe. Hao walipe, tena sana. Nikaenda ofisini kuuliza. Dada wa pale, mpole, ananiambia kibali ni cha biashara, simu ya mkononi haina shida. "Yule mgeni bado, mama, msamehe." Nikangoja amwite aje asikie mbele yangu. Hakumwita. Akaniuliza kama nahitaji kitu kingine.

Nikipoa najiambia bustani si mlinzi. Kuna mzee anayefagia pale, akifika kwenye benchi lako anakwambia, "Usinyanyuke, inua miguu tu," anapitisha ufagio chini yako, anaendelea. Kwa ajili ya huyo ningetoa nyota nne bila kufikiri. Halafu nakumbuka kile kidole, nazirudisha mbili. Basi andikeni tatu. Hapana, acheni mbili, choo nacho sijakigusa, kile kina habari yake.

Kama mnakwenda, nendeni asubuhi mapema kabla hawajabadilishana zamu, na simu muwe nayo mfukoni mpaka mjue nani yuko getini. Mimi sijarudi. Wanasema mikrismasi imeanza kuchanua.

Juzi dada kauliza mbona picha ya kipupwe haikufika. Nikamwambia simu ilijaa.