Uzoefu wangu na sanduku la DVD za The Rockford Files: nilimfuata Jim, nikanaswa na Angel

Nimelimaliza. Misimu yote 6 pamoja na ile filamu ya utangulizi ya Machi 1974, na imenichukua miezi minne kwa sababu naangalia kitandani ndani ya lori. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeendesha malori Marekani, napakia Ohio nashusha Texas, na sheria ya huku inataka nipumzike saa 10 mfululizo kabla sijarudi kwenye usukani. Intaneti ya vituo vya malori ni ya kubahatisha. Basi nikanunua deki ndogo ya kukunja, na sanduku hili nikalipata kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika, dola 38 na nauli ya posta humohumo.

Kwa asiyeijua, hii ni tamthilia ya upelelezi iliyorushwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia Septemba 1974 hadi Januari 1980. James Garner ndiye Jim Rockford, mpelelezi wa kujitegemea wa Los Angeles, anakaa kwenye nyumba ya trela ufukweni Malibu. Alifungwa miaka 5 gereza la San Quentin kwa kosa ambalo hakulifanya, akaja kusamehewa. Bei yake dola 200 kwa siku, gharama juu yako, na wateja wengi wanamkimbia na hela yake. Bastola yake inalala kwenye kopo la biskuti. Baba yake, Rocky, ni dereva mstaafu wa malori ambaye kutwa anamsihi mwanawe aachane na upelelezi akashike usukani kama watu wenye akili. Hapo nikajiona nimefika kwetu.

Kwa hiyo Jim ndiye aliyenifanya nitoe hela. Aliyenifanya nikae macho mpaka saa nane usiku huku nikijua nina kilomita mia tisa kesho yake, ni Angel.

Jina lake kamili ni Evelyn Martin. Ndiyo, Evelyn, jina la kike, na nadhani hata hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu awe mwongo tangu utotoni. Walifungwa pamoja na Jim. Sasa yuko nje, ana kibarua cha kutunza mafaili kwenye gazeti la shemeji yake, kibarua ambacho asingekipata kama dada yake asingeolewa vizuri. Jim akitaka habari za zamani za mtu fulani, anampigia Angel. Angel naye akisikia kuna senti popote, anakuja bila kuitwa.

Nimeangalia matapeli wengi kwenye filamu. Kawaida yao ni moja: kijana mtanashati, maneno matamu, suti imepigwa pasi, na mwishoni unaambiwa kumbe ana moyo wa dhahabu. Angel hana moyo wa dhahabu. Nilisubiri msimu wa kwanza, nikasubiri wa pili, nikijisemea kipindi hiki atamwokoa Jim na kulipia yote. Wapi. Akibanwa na majambazi anamtaja Jim kabla swali halijaisha. Anampiga mizinga Jim, anamwingiza kwenye madili bila kumwambia, na dili likibumburuka anakuja mlangoni kwenye trela kulalamika kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Ile "Jimmy" yake, anaivuta kama mtoto anayeomba hela ya barafu, ukiisikia tu ujue Jim kaliwa.

Sasa tazama macho yake. Niliirudisha sehemu moja mara tatu kwa ajili hiyo tu. Anaongea na Jim, mdomo unaapa kwamba safari hii mambo ni safi, lakini macho yameshapita bega la Jim yanapima mlango. Halafu anapoulizwa swali la moja kwa moja hatoi uongo mzima. Anatoa robo. Jim akikaa kimya, anaongeza robo nyingine. Ukweli nao anautoa vivyo hivyo, kwa awamu, kama mtu anayelipa kiwanja, na awamu ya mwisho hulipwa pale risasi zimeshaanza. Mwigizaji ni Stuart Margolin, aliyefariki Desemba 2022 akiwa na miaka 82. Alichukua Emmy mbili, tuzo za televisheni za Marekani, mfululizo kwa nafasi hii, 1979 na 1980, na ukiangalia hayo mabega yanavyonywea kila mlango unapogongwa hutauliza kwa nini. Yeye na Garner walishaigiza pamoja kabla ya hapo kwenye tamthilia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 70, na inaonekana: hawagombei nafasi, kila mmoja anamwachia mwenzake hewa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba Jim mwenyewe ni tapeli. Tena mzuri kuliko Angel! Ana kimashine kidogo cha kuchapia kadi ndani ya gari. Akitaka kuingia ofisi ya watu anachapa kadi papo hapo, dakika mbili baadaye ni bwana bima au mkaguzi wa serikali. Siku akiamua kumwingiza mjini tajiri dhalimu, anapanga mchezo hatua kwa hatua, na Angel anapewa kasehemu. Hapo ndipo raha ilipo, maana unaangalia kwa roho mkononi: mpango wote ni chuma, ila kuna msumari mmoja uliolegea na wote mnaujua kwa jina. Tofauti yao ni kwamba Jim anadanganya akiwa na kazi ya kufanya. Angel anadanganya hata akiulizwa amekula nini.

Garner aliandika kwenye kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 2011, kwamba hata yeye hakujua kwa nini Rockford anampenda yule mtu. Mimi nadhani najua kidogo. Nina mshikaji wangu Tanga, tulisoma wote. Mwaka niliokuwa najiandaa kuja huku alinichukulia laki nane za mzigo wa mitumba. Mzigo haukufika, na mpaka leo kila nikiuliza umekwama bandari tofauti. Siku niliyokwenda kwake na hasira zangu zote alinipokea kwa shangwe, akanikalisha, akamtuma mtoto kwa muuza samaki, tukala changu wa kukaanga na ugali mpaka tukajilamba vidole. Wakati wa kuondoka akaniomba nauli ya bodaboda. Nikampa. Njiani ndipo nikashtuka kwamba hata wale samaki nilikuwa nimelipia mimi, mtoto alikuja kunidai dirishani na nikatoa bila kufikiri. Mama aliponiuliza, "Haya baba, umezipata hela zako?" nilicheka mpaka nikakaa chini barazani. Kwa hiyo Jim anapofungua mlango wa trela, akamkuta Angel amesimama na ile sura ya msiba, akashusha pumzi na kumpisha aingie, mimi sihitaji kuelezwa.

Basi nirudi kwenye bidhaa, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Picha ni safi kwa kitu cha umri huo, rangi imetulia, lile gari la Jim, Firebird, linang'aa dhahabu kama limetoka kuoshwa. Muziki wa mwanzo wa Mike Post na Pete Carpenter unasikika vizuri hata kwenye spika za kideki changu. Kila kipindi kinaanza na simu ya Jim ya kurekodi ujumbe, mara anadaiwa, mara mtu kakosea namba. Msiruke hapo, ni vichekesho vidogo vinavyojitegemea. Maandishi ya kusoma chini ya picha ni ya Kiingereza tu.

Mifuko ya karatasi inayobeba diski inabana kupita kiasi. Kuitoa diski ni kuikwaruza, na mwenye vidole vya kushika usukani kama mimi atateseka. Pia Angel hayumo kila kipindi. Unaweza kupita vinne vitano bila kumwona, na hakuna popote palipoandikwa yumo kipi. Nimejiandikia kwa kalamu nyuma ya sanduku, nyota ndogo kwenye kila kipindi chake. Nyota nyingi ziko misimu ya mwishoni.

Ukitaka kumpelekea mtu nyumbani, angalia deki yake kwanza. DVD zimegawiwa kwa kanda za dunia, na deki hukataa diski ya kanda nyingine: diski za Marekani ni za kanda ya 1, Afrika Mashariki ni kanda ya 5. Deki nyingi za Kariakoo zimeshafunguliwa na mafundi zinacheza kila kitu, ila ya mjomba wangu ilikuwa haijaguswa, ikazitema. "Mjomba, hii diski yako ina kiburi," aliniambia kwenye simu. Fundi aliifungua kwa kubonyeza rimoti tu.

Sanduku hili linapata nyota 4 kati ya 5. Ingekuwa 5, lakini diski moja ya msimu wa 5 ilikuja na mkwaruzo kama wa kucha, inaganda katikati ya kipindi, tena chenye nyota yangu ya kalamu. Nilimwandikia muuzaji. Akajibu papo hapo, mpole kweli, ananitumia nyingine kesho. Wiki iliyofuata akasema posta wameirudisha. Wiki ya tatu akasema alimwachia shemeji yake aipeleke, na shemeji amesafiri. Jana ameniuliza kama ningependa kuongeza dola 6 anitumie kwa njia ya haraka zaidi.

Nimemtumia.