Uende kwa wafugaji wa kulungu wa kaskazini au kwa wawindaji wanaotumia tai?

Wote wako Mongolia, lakini ni pembe mbili za nchi, na safari fupi haitoshi kwa zote.

Watsaatan, ndio wafugaji wa kulungu, wanaishi kaskazini mwa nchi, magharibi mwa ziwa Khövsgöl, ndani ya msitu wa taiga. Gari huishia karibu na kijiji cha Tsagaannuur, na kutoka hapo unapanda farasi kwenye matope na mawe kwa saa nyingi. Kulungu wao wa kaskazini hawastahimili joto, ndiyo maana kambi za kiangazi ziko juu, kwenye baridi. Hapa mnyama hachinjwi ovyo: anakamuliwa, anapandwa, anabeba mizigo. Familia ni chache sana, na mahema ni ya nguzo yenye ncha juu. Tafadhali, fika na mwongozaji anayejua lugha yao, usiwavamie kama maonyesho.

Mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa, hufikika kwa ndege kutoka Ulaanbaatar. Wakazakhi, ndio wawindaji wenye tai, ni Waislamu, kwa hiyo salamu ya "Assalamu alaikum" inafungua mlango, na chai ya maziwa yenye chumvi inafuata. Tai anayewinda ni jike, kwa kuwa ni mkubwa kuliko dume. Hufunikwa macho kwa kofia ya ngozi mpaka mbweha aonekane, na baada ya miaka kadhaa huachiwa huru akazae. Tamasha la tai hufanyika Oktoba. Uwindaji wenyewe ni wa majira ya baridi.

Mwenye mgongo mbovu aende magharibi. Mimi ningechagua taiga.