Kozi ya Kiingereza cha wizi na usalama mjini: nilichopata kwa shilingi 60,000

Niko mapokezi kwenye loji ndogo huku Msasani, Dar es Salaam, zamu ya jioni. Mwaka jana mgeni wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Uingereza, aliingia anahema, kiatu kimoja kakishika mkononi, akaniambia: "I've been mugged." Mimi "mug" niliyokuwa naijua ni ile ya kunywea chai. Nikamvutia kiti, nikamwomba dada wa jikoni alete chai ya moto. Bahati yangu chai aliihitaji kweli, mikono ilikuwa inamtetemeka. Lakini zilipita kama dakika tano kabla sijaelewa kwamba kaporwa mkoba na vijana wa pikipiki hatua chache kutoka getini kwetu.

Wiki ile ile nikalipia kozi. Ni ya kwenye simu, wiki sita, masomo mafupi mafupi ya sauti pamoja na kadi za maneno, yote juu ya uhalifu na usalama wa mijini. Jina lake naliacha, kwa sababu nina ya kulalamikia. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa mahoteli, teksi na utalii ambao wamekuwa wakiniuliza kama inafaa.

Somo la tatu peke yake lilinirudishia nusu ya hela. Ni tofauti ya "steal" na "rob". Miaka yote nimekuwa nikisema "they stole me", nikimaanisha wameniibia, kumbe anayesikia anapata picha ya mimi mwenyewe nimebebwa begani wakakimbia nami. Baada ya "steal" kinakaa kitu kilichochukuliwa. Baada ya "rob" anakaa aliyechukuliwa, awe mtu, duka au benki. Nilicheka peke yangu maana tofauti hii tunayo tangu utotoni: simu unaiba, mtu unamwibia. Sisi tunaongeza kaherufi kamoja tu, wao wanatafuta neno jingine kabisa. Kisha "rob" ina nguvu au vitisho ndani yake. Ukichomolewa simu kwenye mwendokasi bila hata kuhisi, sema "my phone was stolen". Ukisema "I was robbed", polisi wa kwao atakuuliza walikuwa na silaha gani. Mimi nililikariri kwa kukumbuka roba ya mbao, na aliyewahi kukabwa usiku Manzese hatalisahau.

Wameyapanga maneno vizuri kwa kupanda ukali: "pickpocket" ni mchomoaji, "snatch" ni kukwapua, "mug" ni kumpora mtu njiani, halafu "armed robbery", ule unyang'anyi wa kutumia silaha tunaousoma magazetini. Kwenye "burglary" na "housebreaking" walipita haraka mno, wakasema ni kitu kimoja. Shemeji yangu ni karani wa mahakama, akanikatalia. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kuvunja nyumba mchana ni "housebreaking", kifungo hadi miaka 14. Ikiwa ni usiku ndiyo "burglary", hadi miaka 20. Waingereza waliotuachia sheria hiyo wao wenyewe waliifuta habari ya usiku na mchana mwaka 1968. Kwa mtu wa mapokezi haina uzito sana, lakini nilipenda kujua.

Sasa malalamiko. Mji wa kozi hii ni London, mwanzo hadi mwisho. Kuna zoezi zima la kupiga 999 na kumjibu opereta anayeuliza unataka huduma gani, ilhali hapa tunapiga 112. Na karatasi ambayo kila mgeni aliyeibiwa anaihitaji haimo. Yule mama alitaka kitu cha kupeleka kwenye bima yake ya safari, mimi nikamwambia asubuhi tutaenda kuchukua RB, ile namba ya taarifa unayopewa kituo cha polisi. Alinitazama kama nimemtukana. RB ni yetu sisi, Wakenya wenyewe wanasema OB. Kwa mgeni sema "police report". Mwingereza ukimwambia "crime reference number" ataelewa hapo hapo. Hili nilijifunza kituoni, si kwenye kozi.

Kosa baya zaidi lilikuwa kwenye kadi. Kadi ya "kibaka" upande wa pili iliandikwa "rapist". Aliyetafsiri aliona kubaka, akaunganisha. Fikiria unamwambia mgeni wa kike mtaa ule una vibaka, ukatumia neno hilo! Niliwaandikia, siku nane baadaye wakanijibu kwa kikaragosi cha dole gumba. Mpaka namaliza wiki ya sita kadi ilikuwa vile vile.

Na lile zoezi la "Stop, thief!", ambapo unatakiwa upaze sauti ndipo simu ikupe alama. Nililifanya kwenye daladala nikiwa na spika za masikioni, nikajisahau. Konda aliishika mifuko yake miwili kwa mpigo, siti nzima ya nyuma ikageuka. Tulicheka, lakini mji huu neno hilo si la mchezo. Ukipiga kelele ya mwizi Kariakoo, wanaokuja si polisi, ni wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, na kijana anaweza kufa kwa ajili ya simu. Kozi inafundisha namna ya kulitamka tu. Wageni wangu mimi huwaambia waache simu iende.

Wiki ya tano ndiyo iliyonibadilisha kazini. Mgeni akiniuliza "Is it safe?", jibu langu lilikuwa "No problem", ile hakuna shida yetu ya kumtoa mtu wasiwasi. Ni uongo, na wengi wanafika wakiwa wameshasoma tahadhari za serikali zao kuhusu Toure Drive, barabara ya huku huku Msasani. Mwalimu alifundisha sentensi ndogo: "I wouldn't walk there after dark." Humkatazi mtu mzima wala humtishi, unamwambia wewe mwenyewe usingefanya. Naongeza kwamba mkoba ukae upande wa ukuta, si upande wa barabara, na teksi nitamwitia mimi.

Kwa bei ile ningelipa tena, ila cheti cha 25,000 sikuchukua na bosi hakukiuliza. Anzeni na wiki ya kwanza na ya tano, za London rukeni.

Jambo moja wangeliongeza. Usiku ule nilimwambia yule mama "sorry, sorry" kama mara kumi, nikimaanisha pole. Mwishowe akanishika mkono, akasema "It wasn't your fault", halafu akatulia kidogo, akaniuliza: kwani wale vijana unawajua?