Programu ya presha kwenye simu: nyota mbili, na zote ni za kengele na mizani

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Moyo wangu ulitanuka kwa presha niliyokaa nayo miaka bila kuijua, sasa nameza dawa tatu, mojawapo ya kupunguza maji mwilini. Mwanangu ndiye aliyeniwekea programu hii, mwezi wa nne.

Kengele yake naisifu. Inalia saa moja asubuhi na saa mbili usiku, na inasumbua mpaka ubonyeze kwamba umemeza. Asubuhi nikishatoka msalani, kabla ya chai, napanda mizani na kuandika kilo. Mwezi wa sita mstari ulipanda kutoka 71 hadi 73.5 ndani ya siku tatu, na viatu vikaanza kubana. Sikungoja tarehe ya kliniki. Daktari alipoutazama ule mstari akasema maji yameanza kujaa, akabadilisha dozi.

Sasa kuna kitufe cha kupima presha kwa kidole. Unaziba kamera kwa kidole, tochi inawaka, nusu dakika majibu haya hapa: 118/76. Furaha! Nikafunga kipimo cha mkanda mkononi: 164/98. Nikakaa kimya dakika tano, nimeegemea, mkono juu ya meza, nikarudia: 160/96. Nikamwita mjukuu wangu wa miaka tisa aweke kidole chake: 119/77. Basi nikachukua nyanya kwenye kapu. Nyanya ya mchuzi, jamani: 121/78.

Kamera inaweza kuhesabu mapigo kwa kuona damu inavyopita kidoleni, lakini presha ni habari nyingine. Marekani programu moja ya namna hii iliondolewa sokoni mwaka 2015. Watafiti walipoipima, karibu wanne kati ya watano wenye presha ya juu iliwaambia wako sawa. Ni kama nimkatie mteja gauni kwa kumwona akipita barabarani.

Halafu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yangu. Ya kazi gani? Nilikataa, na kengele inalia vilevile. Chini ya skrini nako wanatangaza unga wa kusafisha mishipa "uachane na vidonge". Kwa mgonjwa wa moyo! Hapo nyota zikapukutika.

Namba za mkanda naziandika mwenyewe. Kitufe cha kidole nimemwachia mjukuu. Jana alikuwa anapima ndizi.