Wingu la radi la Mbeya na kimbunga cha baharini: kipi hulowesha zaidi anga la juu?

Wingu la radi linalojikusanya juu ya milima ya Uporoto mchana wa Januari na kimbunga kama Freddy cha 2023 vyote hupandisha mvuke kilomita 15 au zaidi, penye baridi ya nyuzi 70 hadi 80 chini ya sifuri. Huko mvuke hugeuka chembe za barafu.

Tofauti ni muda na upana. Wingu letu huishiwa nguvu baada ya saa chache. Barafu yake nzito huanguka kama mvua ya mawe na kuchana majani ya chai Rungwe, jambo linaloniuma kila msimu. Freddy kilidumu zaidi ya wiki tano, kikitawanya barafu nyepesi mamia ya kilomita. Barafu hiyo ikigeuka tena mvuke, anga la juu hulowa, na mvuke huo huzuia joto la dunia kutoroka. Baridi ikizidi sana, chembe hunenepa, hudondoka na kuacha hewa kavu.

Kimoja kwa kimoja, naona kimbunga kinashinda kwa mbali. Ila mawingu ya radi ni mengi mno ukanda wa tropiki, yakijumlishwa, hayadharauliki.