Nanasi la kopo au la sokoni kwenye kitindamlo cha matabaka?

Mapishi ya Kiingereza ya keki, matunda, jeli na kastadi mara nyingi hutaka matunda ya kopo. Lakini ukiwa Arusha, kopo la nini na mananasi yamejaa soko la Kilombero?

Shida iko kwenye jeli. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini ya jelatini, ile inayogandisha jeli. Ukilitia hivyo hivyo, jeli haigandi hata ilale kwenye friji usiku kucha. Papai nalo ni vilevile. La kopo limeshapitia moto kiwandani, halina ugomvi na jeli. La sokoni likate vipande vidogo, lichemshe dakika 5 na vijiko 2 vya sukari, kisha lipoe. Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na moto huo unatosha kabisa.

Kopo kasoro yake ni shira. Usipoyachuja matunda robo saa, keki inakuwa uji. Shira yenyewe usiimwage: inafaa kulowesha keki kidogo, ila punguza sukari ya kastadi.

Kwa ladha, la sokoni linashinda, hasa likichanganywa na pasheni. La kopo ni la siku ya haraka tu. Embe bivu halihitaji kuchemshwa.

Matunda yoyote utakayochagua, jeli igande kwanza, na kastadi ipoe kabla ya kuimimina juu. Ikiwa moto, jeli inayeyuka na matabaka yanachanganyika.